Aliyekataa Bunduki Akapewa Jembe

Sisi watu wa Mawaleh tulimwita Bwana Shamba, na mwanzoni jina hilo lilikuwa la kumcheka. Kwetu Unguja, Bwana Shamba ni mtu wa serikali. Ana soksi ndefu na baiskeli, na anakuja kuwafundisha wakulima namna ya kupanda. Huyu wetu hakuwa na soksi wala baiskeli. Alikuwa na jembe alilopewa kwa adhabu, na mwaka wake wa kwanza hakujua hata kulishika. Jina lake la kweli nitaliacha, kwa sababu wapo jamaa zake walio hai, wengine wako hapo Mabela. Ukoo wake nao nauacha. Watu wetu wanapenda kuanza na ukoo, na wakimaliza kuutaja huwa hawana tena la kusema juu ya mtu mwenyewe.

Mimi nitaanza na lile linaloniuma. Kijiji chetu kilitakiwa kutoa vijana wawili kwenda vitani Dhofar, kusini mwa nchi. Yeye alikuwa wa kwanza kutajwa, akakataa. Mahali pake akaenda kaka yangu, Nasor. Tangu siku hiyo mpaka tulipoagana, Bwana Shamba alitaka kitu kimoja tu katika nyumba yetu, nacho ni radhi ya mama yangu, na mama yangu hakuwa na haraka ya kumpa. Mimi nilikuwa katikati yao, nikila mboga za mmoja na kulala chini ya paa la mwengine. Kwa hiyo mtu asinitegemee nimsimulie kama walii. Nilimchukia miaka miwili mizima, na bado naamini chuki yangu ilikuwa na haki yake.

Mawaleh ya siku hizo haikuwa hii ya soko na magari. Ilikuwa mchanga, mbuzi, na upepo unaoingiza mchanga kwenye wali. Tulikuwa familia sita zilizotoka Unguja na kuvuka bahari kuja nchi hii ya Waarabu mwaka wa sitini na nne, tumejenga vibanda vya makuti ya mtende kwa idhini ya mzee mkubwa wa sehemu ile. Mzee alitupokea kwa heshima. Alitupa mahali, alitupa maji, na alituambia wazi tangu siku ya kwanza kwamba wakubwa wakitaka watu, na sisi tutatoa kama wenyeji wanavyotoa. Tulisema ndiyo. Watu walioshuka na masanduku mawili na watoto wanaolia hawana la kusema ila ndiyo.

Siku ilipofika, wanaume walikutana barazani kwa mzee, na sisi wanawake tulikaa nyuma ya ukuta wa makuti tukisikiliza. Lilitajwa jina lake kwanza, maana alikuwa hana mke, ana afya, na mabega yake yalikuwa kama ya mchukuzi wa bandarini. Akasimama. Akasema yeye bunduki hashiki, ana kiapo. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa kahawa.

Alikuwapo kadhi, mtu mpole sana, akajaribu kumtoa kwenye shimo. Alimweleza kwamba kiapo si kufuli lisilo na ufunguo. Kina kafara yake inayojulikana: alishe maskini kumi, kisha aende na wenzake, na Mungu ni mwenye kusamehe.

"Maskini n'tawalisha, shekhe," alisema. "Kiapo n'takaa nacho."

Watu walicheka, wakidhani ni maskhara. Kesho yake alipika gunia lake la mwisho la mchele, akawakusanya maskini kumi kutoka ufukweni, akawalisha mpaka wakalegea. Kisha akarudi kwa mzee kumwambia kuwa kafara ameitoa na jibu lake ni lile lile. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa tayari kulipa mara mbili, lakini si kubadilika mara moja. Walimpeleka ngomeni, wakamfunga minyororo ya miguu wiki tatu, kisha afisa mmoja, sijui kwa huruma au kwa tamaa ya mboga, akasema mtu mwenye mabega yale asiozee ndani. Wakampeleka Al Khoudh, kwenye shamba lililokuwa likilisha kambi ya askari. Atalima mpaka vita viishe, atakula posho ya chakula, na hatatoka shambani bila ruhusa.

Wiki ile ile likatajwa jina la Nasor. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mcheshi, hodari wa kuigiza sauti za watu. Mama alimshika mkono akamwambia na yeye akatae, si mwenzake amekataa na hakuuawa? Nasor alikaa chini pale pale miguuni pake.

"Mie sina kiapo, mama," alisema. "Nna woga tu. Na kila mtu anao."

Akaenda. Mama hakulia mbele ya watu, lakini tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la Bwana Shamba. Alimwita "yule".

Nyumba isiyo na mwanamume hula kwa mikono ya wanawake. Mama alishona kofia, na mimi, baada ya miezi mitatu, nikaanza kwenda Al Khoudh pamoja na wanawake wa kienyeji kukata kati, yale majani ya mifugo yanayokatwa leo na baada ya wiki chache yamesimama tena. Tulilipwa kwa mboga na tende. Mama alijua shamba ni lipi na nani yuko ndani yake. Hakunikataza, na hakuniuliza lolote nilipokuwa nikirudi. Alichambua mboga, akapika, akala. Mimi nilikwenda na nia yangu. Nilitaka kumwona yule mtu akiteseka.

Basi nilimwona, na kwa muda nilifurahi. Hakujua kitu. Alikuwa mtu wa mjini aliyezoea maji ya bomba na samaki wa kununua. Aliinama vibaya, alishika mundu kama kisu cha mkate, na wanawake wa kienyeji walimzomea kwa Kiarabu naye akiwajibu kwa Kiarabu chake cha msikitini, chenye herufi zote mahali pake na maana hakuna. Kisha, jeuri kuliko yote, akawasahihisha wao. Aliwaambia wenye lugha kwamba wanaitamka vibaya. Kofia yake ilikuwa imepigwa pasi kila siku, hata siku ya kuzoa samadi ya ng'ombe, na pasi yenyewe ya mkaa aliiazima kwa mke wa mlinzi. Alikuwa mchoyo wa chumvi, mwingi wa sukari, na hakuna mtu aliyeweza kumpikia bila kusikia kasoro zake.

Na hasira alikuwa nazo. Hili watu wanaomsikia kwa mbali hawaliamini, wanadhani aliyekataa vita lazima awe kondoo. Alimfokea punda, aliufokea mfereji, alinifokea mimi kwa kufunga matita malegevu. Alichinja mbuzi bila kupepesa. Nge alimponda kwa kisigino. Siku moja fundi cherahani wa kwetu Mawaleh alipita shambani akamwambia, mbele ya watu, kwamba angevaa kanga tu tukajua moja. Bwana Shamba alimzaba kofi hata kofia ya fundi ikaenda kutua ndani ya mfereji. Baadaye alifunga siku tatu kwa toba, akaomba ruhusa ya kutoka, akaenda kumwomba radhi fundi nyumbani kwake, na huko huko, katikati ya kuomba radhi, wakagombana upya. Fundi alikuwa akisimulia kisa hicho kila harusi. Alisema kabla ya hapo hakuwahi kupigwa na mtu wa amani, na hapendekezi.

Bwana Shamba mwenyewe nilipomuuliza inakuwaje, alisema kofi si bunduki. Nikamwambia tofauti ni ndogo. Akasema tofauti ndiyo hiyo hiyo ndogo, na kiapo chake kimo ndani ya tofauti hiyo.

Habari ya kiapo aliniambia mara moja tu, mwaka wa pili, tukifunga matita ya kati. Sikumwomba. Alikuwa ameniona nikimtazama anavyonawa. Alikuwa akinawa mikono mpaka viwiko, polepole, hata kama si wakati wa sala. Alisema kwamba Unguja, siku zile za mapinduzi, yeye na wazee wawili ndio waliobaki kuosha maiti katika mtaa wao, maana wengine walikimbia au waliogopa. Waliosha kutwa. Idadi hakuitaja.

"Wa huku na wa kule," alisema. "Ukishamvua mtu nguo, dada, humjui tena wa upande gani. Nliapa pale pale kwenye kitanda cha kuoshea. Mkono wangu huu n'taoshea, lakini hautofanya ile kazi ya kuwaleta pale kitandani."

Nilitaka kusema kwamba kaka yangu naye ana mkono. Sikusema, na hadi leo sijui kama nilifanya vizuri.

Kabla ya hapo, mwaka ule wa kwanza, lilitokea lile lililokaribia kummaliza, na kwa kuwa nami nilikuwamo nitalisema lote. Shamba lilikuwa na mitende mingi, na lilikuwa na mkulima wake, mzee wa Kiarabu aliyekulia ndani ya mitende. Wenyewe wanamwita bidari. Bidari huyo alikuwa amekwenda kwao bara kwa msiba wa ndugu yake, akachelewa kurudi. Afisa akapita akasema anataka mahali pa kupanda vitunguu zaidi, miti isiyo na faida iondolewe.

Bwana Shamba alizunguka shamba siku nzima. Aliuliza wanawake mitende ipi haizai, wakamwonyesha mitatu kwa kidole, wakicheka, wala hawakuulizwa zaidi. Ilikuwa mitatu mirefu, minene, yenye afya. Sasa mtu wa Unguja akiona mnazi mnene usiozaa hafikirii mara mbili. Anaukata, anatoa kilele, ule moyo mweupe wa juu, na watu wanakula siku hiyo. Ndivyo alivyofanya. Aliikata yote mitatu kwa shoka, siku mbili, na mimi nilisimama pale nikimwelekeza iangukie wapi. Vilele tukavigawa. Nilichukua fungu letu mpaka Mawaleh, na familia zote sita zikala kwa furaha kubwa, watu wakisema kinafanana na cha nazi, hata kitamu zaidi. Si mmoja katika sisi, wazee kwa vijana, aliyejua kwamba mtende una dume na jike, na kwamba bila kupandisha ua la dume juu ya kila jike kwa mkono wa mtu, shamba halizai.

Bidari aliporudi, ilikuwa ni siku chache kabla ya maua kufunguka. Alikwenda moja kwa moja penye visiki vile. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kimoja, akakipapasa kwa kiganja, akamwambia Bwana Shamba kwamba amewaua waume wa shamba zima. Wanawake wale waliokuwa wakicheka sasa waliinamisha vichwa.

Nilimwona Bwana Shamba akibadilika rangi. Alielewa haraka kuliko mimi. Mtu aliyekataa kupigana ameharibu chakula cha wanaopigana. Nani ataamini kwamba ni ujinga?

Alitoka bila ruhusa, akaenda kijiji kwa kijiji kando ya wadi, lile bonde la mto mkavu, kuomba maua ya dume. Walimjua. Mmoja alimwambia akaombe kwa adui zake aliowahurumia. Mwengine alimfungia mlango tu. Siku ya pili bidari, ambaye hakuwa amesema naye neno tangu kwenye kile kisiki, alichukua fimbo yake akaenda naye, na kwa heshima ya bidari wakapewa. Kisha ikabaki kazi ya kuikwea mitende na kuyaweka. Wakwezi wa huku hujifunga kamba pana mgongoni na kuuegemea mti. Yeye alikwea kama wakwezi wa kwetu, kamba miguuni, kifua kwenye gogo, na magogo ya mtende yana visiki vya makuti kama meno. Alikwea siku sita. Nguo zake za mbele zilichanika zote, na miguu yake kuanzia gotini kushuka ilikuwa mbichi. Mimi nilikuwa chini nikimfungia maua kwenye kamba, na ile furaha niliyokwenda nayo Al Khoudh ilianza kunitia haya.

Hakuiwahi yote. Nusu ya mitende ilikuwa imeshapita wakati wake. Kiangazi kilipofika, nusu ile ilitoa vitu vidogo kama kunde, bila kokwa wala utamu. Afisa alikuja na mkalimani, akamuuliza kama alifanya kwa makusudi.

"Ningetaka kuwanyima chakula ningeziba mfereji," alimjibu. "Ingenitosha asubuhi moja. Huu ni ujinga, na mkubwa kuliko mnavyodhania."

Alifungwa tena mnyororo, mwezi mzima, akilima nao. Habari ilifika Mawaleh, na mama yangu, aliyekula kilele pamoja nasi, aliisikia mpaka mwisho kisha akasema kwamba kwanza yule alimpeleka mwanawe, na sasa anamnyima tende. Nilijaribu kumweleza. Aliniambia nimshonee kifungo.

Baada ya hapo Bwana Shamba alijifunza mitende kama mtu anayehifadhi Kurani. Alimfuata bidari hatua kwa hatua, akamkubali kuwa mwalimu, akaacha hata kumsahihisha Kiarabu chake. Alipanda madume mapya sita, akayazungushia miba. Mwaka wa tatu shamba lilitoa tende nyingi kuliko zamani, na wakulima wa jirani walianza kupita kumuuliza habari za maji na samadi. Jina la Bwana Shamba likaacha kuwa la kucheka bila mtu yeyote kutangaza.

Lakini hilo nalo lilikuwa tatizo, na ni mimi niliyemtia kidole kidondani. Tulikuwa tunajaza magunia ya kambi, na yeye alikuwa akiyafunga kwa mapenzi, akipiga piga kila moja ubavuni. Nikamuuliza kama anajua askari akishiba zile tende anakwenda kufanya nini. Nilitaka kumchoma. Aliendelea kushona mdomo wa gunia mpaka akaumaliza.

"Kila gunia nnalolifunga nnajua linakokwenda," alisema. "Usinifunze hilo. Usiku silali kwa hilo. Lakini Nasor yuko kule, na Nasor anakula."

Hapo ndipo chuki yangu ilipoanza kulegea, ingawa sikumwambia. Nilimwona ni mtu aliyejua kwamba hesabu yake haitoki sawa, na hakujidanganya kuwa inatoka. Wengi tuliokuwa tukimsema tulikuwa na mioyo safi kwa sababu hakuna aliyetuuliza kitu. Mara moja waliletwa mateka wanne kutoka kusini, wakafungwa katika ngome ile ile aliyokaa yeye. Akawapelekea mboga pamoja na za walinzi. Alipoitwa kujieleza, alisema aliamriwa alishe walio ngomeni, na wale wako ngomeni, tena hawatoki. Walimkataza. Alikasirika siku nzima, na punda akalipia.

Nasor aliandika, au aliandikiwa, mara nne. Katika barua ya tatu alituma salamu kwa Bwana Shamba, akasema aambiwe tende za mwaka huu zina kokwa. Nilimsomea mama barua nzima ila mstari huo. Kisha nikaona haya, nikarudi nikamsomea na huo. Mama alitabasamu kwa sababu aliisikia sauti ya mwanawe, kisha akakumbuka salamu ni za nani, akainuka akaenda jikoni.

Mwaka wa sitini na tisa gari alilopanda Nasor lilikanyaga bomu lililofukiwa njiani. Alikuja mwenzake kutuambia, kijana aliyekuwa hawezi kuiweka miguu yake mahali pamoja. Alisema walimzika siku ile ile, huko huko, na nguo zake. Mama hakuuliza aliumia wapi. Aliuliza nani alimwosha. Kijana akasema hakuoshwa.

Kwenye matanga Bwana Shamba alikuja kwa ruhusa ya siku tatu. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza. Alikaa nje, mwisho kabisa wa mkeka wa wanaume, palipokuwa na jua. Siku ya pili mama alisema kutoka ndani, kwa sauti iliyofika nje, kwamba yule aliyekuwa akiosha maiti aulizwe kama ni kweli mwanawe ilikuwa asioshwe. Wanaume wote walimgeukia Bwana Shamba. Alisimama akasogea mpaka karibu na pazia la mlango.

"Kweli, Bi mkubwa," alisema. "Aliyekufa shahidi haoshwi. Anakwenda na nguo zake, na hana upungufu wowote."

Nilisikia mama akivuta pumzi, kisha akaanza kulia, mara ya kwanza tangu habari ifike. Mimi nilimjua Bwana Shamba. Nilijua anafikiri nini juu ya vita vile, Waislamu kwa Waislamu, na nilijua kwamba hajawahi kuachia neno asiloliamini hata kwa afisa mwenye mnyororo mkononi. Wiki iliyofuata, tukikata kati, nikamuuliza kama aliamini alilolisema.

"Aliyeuliza ni mama yake," alisema, akaendelea kukata.

Mwaka wa sabini utawala ulibadilika, na watu wapya waliokaa ofisini hawakuwa na habari ya mtu aliyewekwa shambani kwa kiapo. Vita vilikuwa bado havijaisha, lakini waliposikia kisa chake waliona ni mambo ya zamani. Walimwambia yuko huru. Alikuwa na binamu Bahrain aliyemtafutia kazi, na safari ilikuwa ya wiki ile. Bidari, nilisikia, alimkatalia mkono wa kwaheri, akajifanya ana shughuli kwenye mfereji.

Alikuja kwetu asubuhi, jua limeshapanda. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya pasi. Nilimtandikia mkeka, nikakaa upande mwengine na kofia ninayoishona. Nilidhani mama hatatoka chumbani, kama ambavyo hakutoka miaka yote kila alipopata ruhusa ya kuja. Alitoka. Alikuwa mgonjwa, amekonda sana mwaka ule. Alikaa mbele yake, akauweka sawa ushungi wake, akamtazama usoni, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya kabla.

"Nimekuja kuomba radhi yako, Bi mkubwa," alisema. "Nnaondoka, na kuondoka bila ya radhi yako siwezi."

"N'takuuliza kitu kimoja," mama alisema, "na usinijibu kwa adabu. Tuseme leo ndo siku ile. Nasor mzima, kakaa hapo alipokaa dadake. Wanakutaja wewe. Utakwenda?"

Sindano ilisimama mkononi mwangu. Nakiri kwamba nilimwomba Mungu amfungue kinywa aseme ndiyo. Neno moja tu, lisingemdhuru mtu. Nasor hayupo, hakuna orodha, hakuna atakayemshika mkono kumpeleka popote. Mwanamke mgonjwa angelala usiku ule, na yeye angeondoka na alichokitaka miaka minne. Na alikuwa ameshawahi kumwambia mama yangu jambo la kumpoza, nililisikia kwa masikio yangu.

Aliivua kofia yake ya pasi, akaiweka gotini.

"Hapana, mama," alisema. "Sitokwenda."

"Hata ukijua ndo atakwenda yeye?"

"Hata nikijua," alisema. "Nshajiuliza kila siku. Jibu sijaliona jengine."

Mama aliinamisha kichwa. Nilidhani atainuka aondoke kama kawaida yake, na nikaanza kukusanya nyuzi zangu ili niwe na la kufanya. Lakini hakuinuka.

"Ungenambia ungekwenda," alisema, "nisingekusamehe mpaka siku ya kiyama. Mwanangu angekuwa kafa kwa ajili ya mtu asiyejua analolitaka." Alinyoosha mkono, akagusa ukingo wa mkeka, karibu na goti lake, si goti lenyewe. "Nenda, mwanangu. Radhi nshakupa."

Bwana Shamba alijifunika uso kwa viganja akalia, mabega yale yote yakitikisika, bila sauti. Mama alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akarudi chumbani kwake.

Akabaki na mimi. Alijipangusa, akasimama, akanitazama, na nikafahamu kwamba anangoja na radhi yangu. Miaka minne hakuwahi kuniomba, kwa kuwa nilifunga naye matita na kucheka naye, na labda alidhani nimeshampa zamani. Nilitafuta ndani yangu. Nilimpenda yule mtu, naweza kulisema hilo sasa bila kuona haya. Na kaka yangu alikuwa Dhofar chini ya mchanga, na yeye alikuwa amesema mbele yangu, asubuhi ile ile, kwamba angemwacha aende tena.

Nilikwenda nikamfungulia mlango. Nikamwambia tu ainame, paa letu ni fupi. Akainama, akatoka.